Nyumba Iliyokuwa Kwenye Maegesho

Sikuwa na imani na kamati ya historia ya mtaa wetu. Mwenyekiti wake ni kinyozi, na kinyozi akishapata kichwa cha mtu mikononi, hadithi haimwishi. Walitaka kuchora ramani ya nyumba za zamani, zile zilizobomolewa ili duka kubwa lipate maegesho ya magari. Picha hazikuwepo. Wazee walipoulizwa, kila mmoja alivutia kwake, na kikao kikageuka ugomvi.

Mimi nilikwenda kwa sababu ya Mama. Alinizaa katika mojawapo ya nyumba hizo, mimi mtoto wake wa pekee, na sasa ananiita "dada" kama anavyomwita muuguzi. Nilitumaini kwamba akifika pale atanikumbuka. Mfa maji haachi kutapatapa.

Tulifika asubuhi, duka likiwa bado limefungwa na lami ikiwa tupu. Mama akatangulia, akasimama ghafla, kisha akakata kushoto.

"Mama, pita tu," nikamwambia kwa ukali. "Hapo hakuna kitu."

"Nipite ukutani? Mimi mzimu?"

Kinyozi akanishika bega. "Mwache, fundi. Hebu nipe hiyo chaki yako ya kukatia nguo."

Nikampa. Akainama nyuma ya Mama, akawa anachora alipokanyaga. Mama aliinua mguu kuvuka kizingiti kisichokuwepo. Akainamisha kichwa, maana mlango ulikuwa mfupi. Akapita ubavuubavu kwenye ujia, akatokea uani, akazunguka pipa la maji ambalo yeye tu ndiye aliyeliona. Kisha akarudia mzunguko wote, na kila kona aliikata palepale, juu ya mstari.

Wabishi wote wa kamati wakarudi nyuma, wasikanyage mstari. Vyumba vilikuwa vimejitandaza miguuni petu, vyeupe juu ya lami. Mama hakumbuki kama amekunywa chai, lakini nyumba nzima alikuwa nayo miguuni. Niliona haya kwa jinsi nilivyozoea kumwambia hajui kitu.

Mzee fundi viatu, aliyekuwa jirani wa Mama zamani, alisogea mpaka kwenye chaki, akasimama. Angeweza kuvuka tu. Lakini alivua kofia.

"Hodi hapa," akasema.

Hakuna aliyecheka.

"Karibu," Mama akajibu kutoka chumba cha ndani. "Ila vueni viatu. Mtoto amelala."

Fundi viatu akavua. Kinyozi akavua. Kamati nzima ikawa pekupeku kwenye maegesho ya duka, watu wazima na akili zao.

Mama akanitazama mimi niliyebaki nje, akaweka kidole mdomoni. Hakunitambua. Alitaka tu nisipige kelele.

Nikavua kandambili, nikaingia kwa kunyata, nisije nikamwamsha mwanawe.