Boya la Mama Mkwe

Jamaa alikuwa amefundisha watu kuzamia kwa mitungi ya hewa miaka tisa, lakini mama mkwe hakuwahi kumwita mwalimu hata kwa bahati mbaya. Yeye alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na neno hilo hakuligawa ovyo. Mama huyo alimwita mkwe wake "bwana mapovu", mbele ya mashemeji, nao walicheka mpaka machozi.

Basi siku mama alipotangaza kwamba naye anataka kuzamia, akaone hiyo inayoitwa kazi, jamaa alifurahi kupita kiasi. Mkewe akamrudisha duniani. "Mama yangu akirudi na mkwaruzo mmoja tu, usijisumbue kubisha hodi."

Darasani mama alikaa mbele na daftari, akaandika kila neno. Siku ya siku ikafika. Wazamiaji walikuwa wanane, na jamaa na mama ndio walioingia majini mwisho. Chini kulikuwa raha tupu, mama akifukuzana na samaki kama msichana. Walipoibuka, wakageuka huku, wakageuka kule. Mashua hakuna! Ilikuwa kwa mbali, inakwenda zake, na mkondo ukiwavuta wao upande wa pili.

"Haiwezekani," alisema jamaa. "Kuna ubao!"

Ubao huo ndio uliokuwa roho ya mashua. Kila mtu ana kibati chake chenye namba: akiingia majini kinakaa upande mwekundu, akirudi anakihamishia upande wa kijani kwa mkono wake mwenyewe. Nahodha haondoki mpaka vyote viwe kijani.

"Ubao upi?" mama aliuliza. "Ule wenye vibati? Vilikuwa vimerundikana upande mmoja, aibu tupu. Nikavipanga kwa namba, vinne huku, vinne kule."

Jamaa alifumba macho. Namba moja ilikuwa yake, namba mbili ya mama: vyote viwili vimekaa kijani tangu hawajaingia majini, na wenzao waliporudi na kuhamisha vyao, ubao ukawa kijani mtupu. Alitaka kusema neno, lakini huyo ni mkwe, na kwa mkwe ulimi hufungwa kamba.

"Usijali, Mama. Tutapuliza boya, watatuona." Akapapasa mfuko wake. Akapapasa tena. Boya lake, lile refu la rangi ya chungwa ambalo bila hilo aliwakataza wanafunzi kabisa kuingia majini, lilikuwa limeanikwa nyumbani uani. Hofu ikamshika, hofu ya kweli, maana mawimbi yalikuwa yanainuka na vichwa viwili majini havionekani kutoka mbali.

Mama alimtazama. Akafungua mfuko wake, akatoa boya, akalipuliza mpaka likasimama wima juu ya maji, kisha akatia filimbi mdomoni. Filimbi ya mtu aliyesimamia paredi ya shule miaka thelathini! Hata samaki nadhani walipanga mstari.

"Nishike mkono, tusitengane," alisema akivuta pumzi. "Ukurasa wa nne wa daftari langu."

Walikaa hivyo karibu saa nzima, jamaa akiinua boya, mama akipiga filimbi. Hatimaye mashua ikakata kona na kuja moja kwa moja.

"Nimeshtuka tumekwenda mbali na mama hajanigombeza hata mara moja, kama alivyofanya asubuhi nzima," nahodha alisema akiwavuta juu. "Nikageuza. Msingekuwa na boya tungewapita. Sasa niambieni, nani kagusa ubao?"

"Mimi," jamaa alidakia. Afadhali afukuzwe kazi kuliko mama aaibike.

"Mwongo huyo," mama alisema. "Ni mimi. Niandike jina."

Nahodha akaandika. Akahesabu vifaa vyao wawili, akakuta boya moja tu, akamgeukia jamaa. "Na lako liko wapi?"

Jamaa akapapasa tena ule mfuko wake mtupu. Mama akamtupia lile boya mapajani.

"Si hilo hapo? Langu ndilo lililopotea. Mzee kama mimi, unategemea nini?"

Nahodha akaenda kushika usukani. Mama akajifunga taulo, akasogea karibu na mkwe wake, akamnong'oneza:

"Mwalimu."

"Naam, Mama?"

"Kesho darasani unakaa mbele. Na uje na daftari."