Mwonja Chumvi

Karoti za pilau ya arusi mtaani kwetu hukatwa jioni ya kuamkia shughuli, na wanaume wote huitwa, kila mtu na kisu chake. Sobirjon, mpishi wa pilau na mzaliwa wa mtaa huohuo, alikaa mwisho wa meza akikata vijiti vyembamba kuliko vya wenzake. Mpishi aliyekodiwa alikuwa Hamdam.

"Kaka Sobirjon, siku hizi umeshushwa hadi karoti?" jirani mmoja akamchokoza.

Watu wakacheka. Naye akacheka, roho ikimuuma.

Yeye na Hamdam walifundishwa na fundi mmoja, wakalala chumba kimoja, wakaungua vidole kwenye moto mmoja. Sasa Hamdam anaitwa hadi mji mkuu, Tashkent, na Sobirjon anaambulia matanga ya wanyonge. Amenizidi nini? Swali hilo alikula nalo na kulala nalo, mpaka mkewe akachoka kulisikia, akahamia kwa binti yao.

Asubuhi, nyama na karoti zikitokota, Hamdam alimvuta karibu na sufuria.

"Mwenzangu, nikufiche nini. Tangu niugue majira ya baridi, ulimi wangu umekufa. Hata ndimu siisikii. Nionjee chumvi kabla sijatia mchele, ila usinianike."

Sobirjon akaonja. Mchuzi wa pilau sharti uzidi chumvi kidogo, maana mchele utainywa. Huu ulikuwa chapwa kabisa.

"Imekolea," akasema.

Hamdam akashukuru, akatia mchele.

Adhuhuri wageni walikula, na vibakuli vya chumvi vikaanza kupita mkono kwa mkono, kimyakimya, kwa adabu. Sobirjon alikaa peke yake akiingoja furaha aliyoitamani miaka yote hiyo. Haikuja. Alijisikia mpweke kuliko siku mkewe alipofunga mizigo.

Hamdam akaja na sahani, akaketi kando yake.

"Chumvi ilitosha, siyo?"

"Ilitosha."

Hamdam alitazama vibakuli vya chumvi vikipita, kisha akachagua kipande cha nyama kilichonona, akamwekea.

"Basi watu wa mtaa wako wanapenda chumvi tu. Jumapili nina arusi nyingine, na jambo hili sina mwingine wa kumwambia. Utakuja kunionjea?"

Sobirjon alijaza pilau mdomoni ili asijibu. Akatafuna, akatafuna, na Hamdam akaendelea kungoja.