Chumvi ya Ikram

Kila mwezi Mbodze, mtafiti, huja Msambweni kupima maji na matope ya kinamasi kilicho kati ya mikoko na mashamba ya mpunga. Siku hiyo, tope likiwa limempanda hadi magotini, alipita kwa Bi Mwanafatuma, akamwamkia, akaomba kupima na kisima chake.

Akateka maji, akakitia kipimo ndooni, akakisoma mara mbili.

"Bi mkubwa, haya mnayanywa?"

"Ya kunywa twanunua, mwanangu. Haya ni ya kupikia tu."

"Yameingia chumvi. Tangu mikoko ikatwe, maji ya bahari yapenya chini kwa chini. Kinamasi chote kimeharibika toka mwaka jana."

Mwaka jana! Bi Mwanafatuma akaketi ukingoni mwa kisima. Mwaka jana ndipo alipoanza kumsema mkaza mwanawe, Ikram, kwamba akipika anamwaga chumvi makusudi ili awakomoe. Ikram aliapa, akalia. Yeye hakumpa mwanawe Adnan nafasi ya kupumua mpaka talaka ikatoka. Tangu hapo akawa anapika mwenyewe, na kila Adnan alipolalamika akapunguza chumvi, wala asijiulize kwa nini.

Jioni ile aliupika wali kwa maji yaleyale ya kisima, bila chumvi kabisa. Adnan akala tonge moja, akakunja uso.

"Mama, bado chumvi imezidi."

"Wallahi sikutia hata chembe!"

Yalikuwa maneno ya Ikram yaleyale, hata kile kilio kilichomtoka kilikuwa cha Ikram. Na Ikram keshaolewa Vanga.