Bahari ya Shangazi Nasriya

Marhoon alikuwa na karakana mtaa wa Ghubra, akichapa picha juu ya mabamba ya aluminiamu. Mwaka 2004 watu wa Maskati walizipenda sana picha za bahari za wachoraji wa Kifaransa wa zamani, wale wasiojali umbo la wimbi bali mwanga unaoliangukia. Kwenye bamba linalong'aa, maji yale huonekana kama yanatikisika. Kliniki moja ya meno ikaagiza sita. Tano zilitoka vizuri. Ya sita haikupatikana; kila picha aliyoikuza ilivurugika.

Nyumbani kwake ilitundikwa picha ya bahari ya pwani ya Qantab aliyoichora shangazi yake, Nasriya, mwalimu mstaafu aliyejifunza uchoraji kwa kutazama vitabu vya hao hao Wafaransa. Aliwapa Marhoon na mkewe, Zakiya, siku ya harusi yao. Marhoon akaipiga skana, akayakata majabali ya pembeni pamoja na jina lililoandikwa hapo, akaongeza samawati kidogo. Chini akaandika kama kwenye zile nyengine: Mchoraji wa Kifaransa, karne ya kumi na tisa. Akajiambia ni mara moja tu, na nani atajua.

Miezi miwili baadaye Shangazi Nasriya akaenda kung'oa jino kwenye kliniki ile ile. Zakiya alimwambia mumewe kwamba tangu arudi, shangazi hashiki brashi. Ijumaa Marhoon akaenda kumtazama, akamkuta kaziteremsha picha zake zote na kuzisukuma uvunguni mwa kitanda.

"Nna aibu, mwanangu," alisema. "Nimeiona bahari ile ile kule kwa daktari, imeandikwa ya Mfaransa. Ile niliyokupeni harusini si yangu. Lazima niliiona kitabuni ikanikaa kichwani, nikaiba kazi ya mtu bila ya kujua. Iondoeni ukutani."

Marhoon alisema tu kwamba picha hufanana, akaaga upesi. Kwa siku tatu, kila Zakiya alipopita mbele ya picha ile, Marhoon aliinamisha macho. Siku ya nne alirudi, akaketi kwenye busati miguuni pa shangazi yake, akamweleza yote, hata lile la kulikata jina.

Shangazi alilikunja na kulikunjua pindo la kanga yake.

"Ungeniomba ningekupa," alisema mwisho. "Jina langu lilikuwa na ubaya gani?"

Marhoon alimsihi amsamehe, naye shangazi akasema amemsamehe, kwa sauti ya mtu anayeitikia salamu njiani.

Kesho yake alikwenda kliniki, akamweleza daktari mbele ya wagonjwa, akaling'oa bamba lile kwa mkono wake. Alichapa jipya, majabali na jina vikiwa mahali pake. Shangazi Nasriya akarudi kuchora. Lakini tangu hapo, Marhoon akipiga hodi, husikia kwanza picha ikigeuzwa kuelekea ukutani, ndipo afunguliwe mlango.