Mkono Mzito wa Kushoto

Nilikuwa nimepiga goti mbele ya gurudumu la kushoto, kipimo cha upepo mkononi, na hiyo ilikuwa mara ya tatu kulipima. Mara ya kwanza nilipima kama fundi yeyote anavyopima. Mara ya pili kwa sababu siiamini mara ya kwanza. Mara ya tatu kwa sababu dereva alikuwa amesimama nyuma yangu akihema, na mtu akihema hivyo kisogoni mwako unaona heri mikono iwe na shughuli.

"Sawasawa na la kulia," nikamwambia.

"Kwa hiyo si upepo?"

"Si upepo."

"Basi mimi nimekwisha," akasema, akaketi juu ya debe.

Alikuwa ameendesha pikapu ya duka la vioo kwa miaka kumi na mmoja, na kazi ya kubeba vioo haimwachi mtu mzembe afikishe hata mwaka. Lakini miezi mitatu iliyopita gari lilianza kuvuta kushoto. Kwanza likakwangua nguzo ya lango la duka. Juzi likavutika mbele ya nyumba ya mteja, likapanda ukingo wa barabara, na vioo sita vya madirisha vikawa vipande mia sita. Mwenye duka, ambaye mji mzima tunamwita Mama Vioo, akampa dereva siku moja. Tatizo likionekana kwenye gari, sawa. Lisipoonekana hadi jioni, kesho asirudi kazini.

Hukumu hiyo haikutoka kichwani mwa Mama Vioo peke yake. Ilitoka kwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwenye gereji kubwa upande wa pili wa barabara kuu, ambaye hupenda kuitwa Mhandisi. Yeye ndiye aliyelichunguza gari mara mbili na kutoa jibu kwamba gari ni zima, ila dereva ana mkono mzito wa kushoto. Alisema hivyo mbele ya watu, kwa uso usiotingishika. Ikawa bahati kwamba mpwa wake alikuwa amepata leseni miezi miwili iliyopita na mikono yake yote miwili ni myepesi.

Mhandisi huvaa koti jeupe. Sina neno na koti, lakini koti la fundi likibaki jeupe mpaka jioni, ama ana mfuaji hodari kupita kiasi, ama hajawahi kulala chini ya gari. Ana pia kifaa chenye kioo kidogo, cha kuchomeka kwenye gari ili kisome kompyuta. Hicho ndicho kilichosema gari ni zima. Sasa pikapu ile ni ya zamani. Kompyuta yake inajua habari za injini tu, na hizo nazo kwa kukisia. Kuiuliza kwa nini gari linavuta kushoto ni sawa na kumuuliza mpishi kwa nini paa linavuja. Atakujibu kwamba chakula kiko tayari.

Mimi cheti sina. Ufundi niliupata kwa kufungua vitu ambavyo vilikuwa vimekwisha kuharibika, hivyo hakuna aliyejali nikiviharibu zaidi. Njia hiyo ni ndefu, lakini inakufundisha kuondoa sababu moja moja, kama mtu anayetafuta sindano kwa kuhamisha mkeka badala ya kuupiga teke.

Nikahamisha matairi ya mbele, la kushoto likaenda kulia na la kulia likaja kushoto. Kama kosa lilikuwa la tairi, gari lingeanza kuvuta upande mwingine. Nikaingiza nondo kwenye viungo vya chini, nikasukuma, nikavuta, hakuna kilichocheza. Kisha nikamwambia dereva twende kwenye maegesho ya soko, ambako siku hiyo hapakuwa na gulio. Barabara nyingi zina mgongo ili maji yashuke pembeni, na gari nalo huteleza kidogo kufuata maji. Pale sokoni ni tambarare kama meza.

Dereva akaendesha, nikamwambia aachie usukani. Gari likaenda mbele, limenyooka kama uzi.

"Umeona?" akasema. "Limekuja kunisaliti mbele yako. Miezi mitatu linanivuta kama lina deni nami, leo limejitia adabu."

"Huwa linaanza saa ngapi?"

"Asubuhi halina neno. Nikishaingia mjini kati, baada ya mataa ya tatu au ya nne, ndiyo linaanza."

"Ulimwambia Mhandisi hivyo?"

"Nilimwambia. Akasema asubuhi mkono unakuwa haujachoka."

Kuna upumbavu ambao ukiujibu haraka unaupa heshima.

"Kwenye mataa unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nasimama, kaka. Ulitaka nipite?"

"Basi simama sasa. Endesha, funga breki. Endesha tena, funga breki. Mara kumi."

Alifanya hivyo, akinitazama kwa jicho la mtu anayehofia kwamba fundi wake naye amepotewa na akili. Baada ya mara ya kumi nikamwambia aachie usukani. Gari likageukia kushoto lenyewe, taratibu, bila aibu, kama mbuzi aliyeona majani. Tuliposhuka nikadondosha tone la maji kwenye gurudumu la kushoto. Likachemka. La kulia lilikuwa na joto la kawaida.

Dereva alitazama yale maji yanavyokauka. "Mkono wangu haufiki huku chini," akasema polepole.

"Haufiki."

Sikufungua kitu. Ukifungua ukiwa peke yako, ushahidi unageuka maneno yako tu, na maneno ya fundi asiye na koti hayafiki mbali. Tukarudi gereji, nikampigia Mama Vioo simu, nikamweleza hata habari ya tone la maji.

Alikuja saa kumi, na shemeji yake pembeni, kifaa kikiwa kimening'inia shingoni kama stethoskopu ya daktari.

"Bado mnapapasa?" Mhandisi akasema. "Mimi gari hili nililimaliza kwa dakika mbili."

"Ni kweli, ulilimaliza," nikasema.

Hakusikia, au alisikia akaona ni sifa. "Fundi, wewe ni mtu mzuri," akaendelea, "lakini siku hizi ufundi ni elimu. Mambo ya kumwagiamwagia maji hayo ni ya babu zetu."

"Shemeji, mwache afanye," Mama Vioo akasema. "Kioo kimoja kikivunjika nakilipia mimi, si babu zetu. Fundi, nionyeshe."

Nikamwomba dereva akanyage breki mara kadhaa, kisha aiachie na ashuke kabisa. Mbele ya gari palikuwa pamekwisha kuinuliwa, magurudumu yote mawili yako hewani. Nikamwambia Mama Vioo azungushe la kulia. Akafunga mtandio kiunoni, akalizungusha kwa kidole kimoja. Akaja la kushoto. Kwa kidole, kimya. Kwa mkono mmoja, kimya. Akalishika kwa mikono miwili, akalikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Limefungwa," akasema.

"Na mguu wa dereva uko wapi?"

Akageuka. Dereva alikuwa amesimama mlangoni, miguu yote miwili inaonekana.

"Ni pistoni hiyo, ya kusukuma breki," Mhandisi akadakia. "Imekwama kwa kutu. Nilikuwa naishuku toka mwanzo."

"Inawezekana," nikasema. "Ndiyo maana tunaangalia."

Kwenye kila gurudumu la mbele kuna chuma kizito kinachobana breki, na mafuta ya breki hukifikia kwa kupitia mpira mfupi, unaoungana juu na bomba la chuma. Nikalegeza kile kiungo cha juu. Mafuta yakadondoka kidogo. Nikamwomba Mama Vioo ajaribu tena. Gurudumu bado limefungwa. Kisha nikaweka spana kwenye nati ndogo iliyoko chini, kwenye chuma chenyewe, nikaifungua nusu duara. Mafuta yakaruka kama mkojo wa mtoto, yakamfikia Mhandisi kwenye koti, na gurudumu likaachia mikononi mwa Mama Vioo hata akayumba.

"Kama ingekuwa kutu," nikasema, "lisingeachia kwa kutoa mafuta. Na juu ya mpira nilipofungua halikuachia. Kwa hiyo mafuta yamekwama hapa katikati. Mpira huu nje ni mzima, ndani umeziba. Ukikanyaga breki, mguu una nguvu ya kuyapitisha. Ukiachia, hakuna wa kuyarudisha. Ndiyo maana asubuhi gari ni zuri, na kila unaposimama linazidi kubana kushoto."

Mhandisi alikuwa akisugua koti kwa leso, na kila alivyosugua doa lilizidi kutanuka. "Mpira umezeeka. Hilo nalo ni jambo la kawaida. Hakuna wa kulaumiwa."

"Wa kulia una umri huohuo," nikasema. "Na pedi zote za breki zilibadilishwa siku moja."

"Miezi mitatu iliyopita," dereva akasema. "Kwake."

Mama Vioo alinitazama mimi, kwa maana kwamba niseme. Lakini nilikuwa sijaona kitu kikifanyika, na jambo nisiloliona silisemi. Nikafungua kile chuma cha kushoto, nikakifunga kwa waya kwenye springi ili mpira usibebe uzito. Nikafuta vumbi. Kwenye mpira, chini kidogo ya kiungo, palikuwa na mkunjo, kama mkunjo wa karatasi iliyowahi kukunjwa.

"Mhandisi," nikasema, "nataka kulinganisha na wa kulia. Wewe una mkono mwepesi kuliko mimi. Naomba unifungulie, kama unavyofanya siku zote, nami niendelee huku."

Hapo alifurahi. Akavua kifaa shingoni, akampa Mama Vioo akishike. Na niseme ukweli, ni mwepesi. Bolti mbili zikatoka kabla sijapata taa. Akakichomoa kile chuma, chenye uzito wa kuku wawili wa kushiba, akakiachia. Kikashuka, kikakamatwa na mpira wake, kikabaki kinaning'inia na kupepesuka. Yeye akapangusa mikono, akatoa simu mfukoni kuangalia nani kampigia.

"Hivyohivyo," dereva akasema. Hakupaza sauti. "Hivyohivyo, mama. Siku ile nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake. Alikiacha hivyo cha kushoto, akaenda kuongea na simu, nikasoma gazeti lote hadi matangazo ya vifo."

"Hivyo nini?" Mhandisi akauliza.

Mama Vioo aliinama upande wa kulia, akatazama ule mpira uliovutika. Akaja kushoto, akatazama waya wangu. Akarudi kulia tena. Mtu aliyekata vioo maisha yake yote halazimiki kuambiwa kitu kikibebeshwa uzito mahali pasipostahili kinafanya nini.

"Shemeji," akasema, "miezi mitatu unaniambia mkono."

"Mkono pia unachangia, kitaalamu—"

"Mkono wa nani?"

"Sisi wote ndivyo tunavyofungua, shemeji. Ndiyo utaratibu. Nenda gereji yoyote."

"Na gereji hizo zote nazo zimevaa koti kama lako?" Akamrudishia kifaa chake, amekishika kwa ncha za vidole kama mtu anayerudisha soksi ya mwenzake. "Kiulize hiki. Kinasemaje?"

Mhandisi alikirudisha shingoni. Kisha, kwa kuwa mtu wa aina yake hawezi kuondoka bila kuacha neno, akasema, "Sasa mpwa wangu nimwambieje? Amekwisha kujiandaa kwa kesho."

"Mwambie ajiandae kwa jambo jingine." Akamgeukia dereva, na uso haukulainika hata kidogo. "Kesho saa sita vioo vya zahanati viwe vimefika. Vyote, na pembe zake."

Dereva alisita. "Atavipeleka nani, mama?"

"Unaniuliza mimi? Mwenye gari ni mimi, mwenye vioo ni mimi, na kuendesha niendeshe mimi? Umelipwa miaka kumi na mmoja kwa kazi gani?"

Dereva akasema ndiyo, mama; kisha akageuka ukutani, akajifanya anatafuta kitu kwenye rafu ya spana. Hakuna aliyemuuliza anatafuta nini.

Mama Vioo na shemeji yake walipoondoka, kila mmoja kwa mlango wake wa gari, niliutazama mpira wa kulia. Ulikuwa mzima bado, kwa macho, lakini umekwisha kuning'inizwa leo, na huenda hata siku ile ya pedi, na sikutaka kuujaribu tena na vioo vikiwa nyuma. Itabidi yote miwili ibadilishwe. Duka la vipuri lilikuwa limefunga, na la pili huuza mipira inayofanana na mipira.

Nikaifungua, nikaviziba vichwa vya mabomba kwa vipande vya plastiki ili mafuta yasidondoke. Nikafunga chuma cha kulia kwa waya, kama mwenzake. Dereva alinishikia taa, ingawa mwanga wa jua ulikuwa ungalipo.

"Kwa hiyo limepona," akasema.

"Halijapona. Asubuhi tunatia mipira, tunatoa hewa kwenye mafuta, halafu tunarudi sokoni. Mara kumi breki, unaachia usukani. Likinyooka, limepona."

"Na lisiponyooka?"

"Tutaanza na upepo."

Akacheka, cheko la kwanza tangu asubuhi. Nikachukua chaki, nikaandika kwenye kioo cha mbele, kwa herufi kubwa, HAKUNA BREKI, nikasukuma magogo nyuma ya magurudumu, nikaliacha gari limeinua pua.