Nguzo za Upande wa Jikoni

Mwanga wa kipupwe umeingia ofisini, umejilaza mezani kama paka wa jirani, haufukuziki. Binti wa dobi yuko mbele ya kompyuta, tumbo la miezi saba limegusa meza. Kazi yake ni upepo: anga likijaa hewa ya ukaa, upepo wa kipupwe utahamia wapi, na hewa hiyo ikiondolewa, utarudi vipi.

Utarudi. Hilo ndilo neno alilompa mama yake.

Maana mama mtu, dobi tangu ujana, ana kesi na upepo. Zamani ulitoka upande wa kisima, mkavu, mchangamfu, shuka zikakauka kabla ya adhuhuri. Siku hizi unatokea barabarani, umelowa, na shuka zinashinda kambani zimenuna. Nguzo za kamba zimeoza, mpya ziko tayari. Azisimike wapi? Subiri, mama, binti alimwambia, tukiisafisha hewa upepo utarudi ulikotoka.

Lo, haraka haraka haina baraka. Mwenzake ofisini alitaka kuokoa muda: alichukua ramani za anga likichafuka, akazipanga kinyumenyume, akaziita safari ya kurudi. Binti akaziamini. Leo kompyuta imeihesabu safari yenyewe, na upepo unarudi, ee, unarudi, lakini umechelewa, umezunguka, umepita njia nyingine. Bahari ilishika joto, haiachii upesi. Katika hesabu hiyo hewa imeshasafishwa, upepo bado uko njiani. Mama hatauona.

Anampigia mama simu. Hafichi kitu. Kwamba alikosea. Kwamba upepo utakuja kwa upande wa jikoni, na siku hiyo aliye tumboni atakuwa mtu mzima.

Mama anacheka, anacheka mpaka anakohoa. Upepo huo, anasema, ni marehemu baba yako mtupu: umtume chumvi asubuhi, arudi jioni kwa mlango wa nyuma. Lakini alikuwa anarudi.

"Njoo Jumamosi unishikie nguzo. Mbili za upepo wangu, upande wa barabara. Mbili za mjukuu, upande wa jikoni."

"Zitaoza kabla upepo haujafika, mama."

"Zikioza atasimika nyingine. Mashimo atayakuta."

Binti anaweka simu chini, anacheka na machozi yanamtoka. Mwanga umehama mezani, umempanda tumboni, na humo ndani mtu anapiga teke.