Salamu za Ansbert

Mtangazaji wa kwanza hapa Bukiriro ni mimi, Deodata, na sauti yangu ilivuka vilima viwili. Haya, kimoja, tena upepo ukinisaidia.

Mwaka ule wa vita kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa na redio moja, na Kiswahili chake kilikuwa kigumu. Mimi nilifika darasa la nne. Mwenyekiti Gervasi akaamua: "Deodata atasikiliza habari za mchana, atueleze kwa Kihangaza." Redio ikahamia kwangu. Nikatua jembe, nikapewa kigoda, na watu waliozoea kunipita kama kisiki wakaanza kuniamkia.

Taabu ni kwamba hata mimi sikuelewa. Redio inasema majeshi yetu yamesonga mbele. Mbele wapi? Nikikaa hivi, mbele ni Burundi. Nikigeuka, mbele ni mgomba. Nikatangaza tu, "Wamesonga!" Wakapiga makofi. Nikapiga nami, sijui tunampigia nani.

Jirani yangu Melania hakupiga. Mwanawe Ansbert alikuwa vitani, mwezi wa tano sasa bila barua, na yeye siku ya tatu hajala.

Siku hiyo akaja mapema, kabla ya wenzake, macho yamezama.

"Wamemtaja?"

Sijui ulimi wangu ulitumwa na nani. "Wamemtaja! Sasa hivi, kwenye salamu za wapiganaji."

Akakaa chini pu! "Amesemaje?"

"Mama shikamoo. Mimi mzima, nimenenepa. Kula, usinililie."

"Marahaba, baba," Melania akaijibu redio, nayo kimya.

Nikampa viazi. Akala, akaongeza, akacheka na kulia kwa pamoja. Nikachanganyikiwa kabisa: nami nikaanza kuisikia sauti ya Ansbert, na kikohozi chake. Labda kweli alisema?

"Umenitendea wema, dada," akasema akipangusa mikono. "Lete maharage yako nikuchagulie."

Kabla sijainuka, ameshauvuta ungo uliokuwa juani. Vidole vikapita kwenye maharage, vikasimama. Akatoa betri. Akatoa ya pili. Ya tatu. Ya nne. Zilikuwa zimekufa tangu jana. Nilizianika alfajiri zipate nguvu kidogo.

Akazipanga mapajani, akaitazama redio, akanitazama mimi.

"Deodata," akasema polepole, "mwanangu amesemea wapi?"